Herufi Nne na Sentensi Zake

Ziko herufi nne katika Kiingereza ambazo kila moja ikiwa peke yake haina matata, lakini zikiandamana humhangaisha mwanafunzi kuliko maneno marefu ya sayansi. Herufi hizo ni o, u, g na h. Zitangulize th upate "though", ambalo hutamkwa karibu na "dho". Ingiza r baada ya th upate "through", nalo hutamkwa "thru". Ondoa th uiache r peke yake upate "rough", na mara sauti yageuka kuwa "raf". Badala ya r weka c, na hapo "cough" latoka kinywani "kof". Weka b, na "bough" lasikika "bau". Bandika t mwishoni mwa neno hilo hilo upate "bought", na ile "au" yatoweka, yaja o ndefu. Tena liko "thorough", ambalo mkia wake hausikiki ila kama pumzi. Hizo ni sauti saba kwa herufi zile zile nne, wala sijamaliza kuhesabu.

Sikuzitaja herufi hizi ili nifundishe Kiingereza ndani ya kitabu cha insha za Kiswahili. Shabaha yangu ni nyingine. Mwalimu akutanapo na maneno ya namna hii huyapanga kwa safu, na kando ya kila neno huandika sentensi ya kuonyesha matumizi yake. Sentensi hizo ndizo nitakazo kuzipima hapa. Mashairi yana wahakiki, tamthilia zina wahakiki, na riwaya nyingine huhakikiwa hata na watu wasiozisoma. Lakini sentensi ya mfano haipati mhakiki, ingawa husomwa na watoto wengi kuliko mashairi na riwaya zote. Mtoto wa Nairobi husoma sentensi za mfano kwa mamia kabla hajasoma riwaya moja mpaka mwisho. Kama sentensi hizo ni mbovu, ubovu wake si jambo dogo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikipita Barabara ya Tom Mboya, ile iliyoitwa Victoria Street zamani za ukoloni. Wauza vitabu walikuwa wametandaza turubai zao kando ya njia kama kawaida yao, vitabu vya hesabu vimelaliana na riwaya za mapenzi, na kamusi zisizo na majalada zimepangwa mstari mmoja na miongozo ya mitihani. Katika lundo moja nikaokota kijitabu cha maendelezo ya Kiingereza. Jalada lake lilikwisha kunyofoka pamoja na kurasa mbili za mwanzo, kwa hiyo sijui mtungaji wake ni nani wala mpiga chapa ni nani, na jambo hilo limenipa uhuru wa kusema bila kumwudhi mtu. Kijitabu kile kilipanga maneno kwa herufi zilizofanana. Ukurasa mzima ulikuwa wa herufi zetu nne, na sentensi zake tatu za kwanza zilikuwa hizi:

"The rough man had enough dough."

"He thought he ought to cough."

"The bough fell through the trough."

Kwa Kiswahili ni kama kusema: mtu mkali alikuwa na unga wa kutosha uliokandwa, alifikiri yampasa akohoe, tagaa lilianguka likapita katikati ya hori. Sarufi ya sentensi hizi haina kosa hata chembe. Mtahini hana mahali pa kuweka wino wake mwekundu. Hata hivyo ukizisoma mara mbili wajisikia kama mtu aliyeamkiwa na asiyemjua, kwa jina lisilo lake. Huyo mtu mkali ni nani, na unga ule ni wa nini? Nani aliyewahi kuketi akafikiri kuwa yampasa akohoe? Kikohozi huja chenyewe, hakingoji shauri. Na lile hori lilitoboka lini, hata tagaa likapita katikati yake?

Mtungaji hakutafuta habari, alitafuta herufi. Alitaka maneno matatu yenye "ough" yaingie katika sentensi moja fupi, akayaingiza. Kazi yake yafanana na ya kondakta wa matatu apakiaye abiria kwa rangi za mashati yao, asiulize kama waenda Kangemi au Kawangware. Gari litajaa, na kwa macho litapendeza, lakini hapana atakayefika kwake.

Kosa hili halihusu uzuri wa maneno tu. Sentensi ya mfano ina kazi moja, nayo ni kumwonyesha asiyelijua neno kuwa neno hilo lafanya nini. Iko njia nyepesi ya kujua kama kazi hiyo imetimizwa. Lifunike neno kwa kidole, kisha usome yaliyobaki. Funika "dough" katika sentensi ya kwanza: mtu mkali alikuwa na kitu fulani cha kutosha. Kitu hicho chaweza kuwa fedha, maziwa, wakati, hata huzuni. Sentensi yakubali kila kitu, na kwa sababu hiyo haifundishi kitu. Mwanafunzi asiyelijua neno ataondoka vile vile alivyokuja, ila sasa atadhani analijua, na hilo ni baya kuliko kutojua.

Linganisha na sentensi hii, iliyoandikwa na msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye shangazi yake hupika chapati kwenye kibanda huko Kawangware: "My aunt covers the dough with a wet cloth so that it does not dry before the customers come." Maana yake shangazi huufunika unga uliokandwa kwa kitambaa chenye maji, usikauke kabla wateja hawajafika. Funika neno "dough" kwa kidole. Asiyejua neno la Kiingereza atajua bado ni kitu gani kinachotajwa: kitu laini, chenye kukauka upesi, kilicho tayari kwa wateja, na kinachohitaji kitambaa. Hapana fedha, maziwa wala huzuni iwezayo kuingia hapo. Sentensi imelizingira neno pande zote mpaka limebaki na mlango mmoja tu wa kutokea. Tena, mtu fulani aliwahi kuwa na haja ya kusema maneno hayo.

Sisi tuliokulia kwenye vitendawili hatuna haki ya kushangaa kwa habari hii. Mtu akisema "Kitendawili", nasi tukaitikia "Tega", yeye hutaja nyumba isiyo na mlango, nasi twalitafuta yai. Kitendawili ni sentensi iliyoondolewa neno, na ustadi wa mtegaji ni kuacha alama za kutosha ili neno lirudi mahali pake. Akiacha alama chache mno wasikilizaji watachoka na kumpa mji. Akiacha nyingi mno hapana mchezo. Bibi zetu waliupima mzani huo kila jioni bila kwenda chuo cha ualimu. Sentensi ya mfano hutofautiana na kitendawili kwa kuwa yenyewe huliacha neno wazi, haifichi. Lakini ufundi wa kulizingira neno ni ule ule.

Yafaa sasa tuulize sentensi hizi zilianza wapi, maana hazikuzaliwa juu ya turubai la Barabara ya Tom Mboya.

Mwaka 1755 Mwingereza Samuel Johnson alitoa kamusi kubwa yenye maneno zaidi ya elfu 40. Jambo lililoitofautisha na kamusi nyingi zilizoitangulia ni mifano yake: alikusanya dondoo zaidi ya laki moja kutoka katika vitabu vya watu kama Shakespeare, Milton na Dryden, akaziweka chini ya maneno. Hakujitungia, aliokota. Mfano wa Johnson ni sentensi iliyokwisha kuishi maisha yake mahali pengine kabla haijaajiriwa kuwa mwalimu. Uzuri wake ni kwamba yasema jambo ambalo mtu alitaka kulisema. Udhaifu wake ni kwamba Shakespeare hakuandika ili kumsaidia mtoto asiyejua neno, na mara nyingi sentensi yake ni ngumu kuliko neno linalofafanuliwa.

Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Noah Webster alitoa kitabu chake cha maendelezo mwaka 1783, akayapanga maneno kwa safu kulingana na sauti na silabi zake, na kwa muda wa zaidi ya karne watoto wa nchi ile walijifunza kusoma kwa kuzikariri safu hizo. Webster alichukia herufi zisizosikika, na nyingine alifaulu kuzifuta. Ndiyo sababu Mmarekani huandika "plow" pale Mwingereza aandikapo "plough". Si ajabu leo katika mikahawa ya Nairobi kukuta kibao kilichoandikwa "thru" kwa herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini kibao kile kinasifiwa kwa kuvutia wateja, hali yeye akiandika vile vile hukatwa alama. Nilimjibu kwamba kibao hakifanyi mtihani. Jibu hilo halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Karne ya ishirini ilileta sentensi ya kutungwa kwa makusudi. Michael West, aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maneno kama elfu 24 kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby alifundisha Japani, na kamusi aliyoitayarisha pamoja na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikapigwa chapa tena na Oxford mwaka 1948. Kamusi hiyo ndiyo mama wa zile kubwa nyekundu na samawati mnazozitumia shuleni hata leo. Hornby alijua kwamba mgeni wa lugha haitaji maana peke yake. Ahitaji kuona neno likisimama na jirani zake wa kila siku. Kwa hiyo alitunga mifano mifupi, myepesi, ya nyumbani na ya dukani. Halafu mwaka 1987 wataalamu wa Birmingham, wakiongozwa na John Sinclair, walitoa kamusi iliyorudi kwenye njia ya Johnson kwa chombo kipya: walikusanya maandishi na mazungumzo ya watu kwa mamilioni ya maneno ndani ya kompyuta, wakachagua mifano humo. Sinclair alishika kwamba sentensi ya kujitungia haiaminiki, kwa kuwa mtungaji hudhani ajua watu wasemavyo, na mara nyingi hajui.

Nikimsoma Sinclair namwona ana haki. Nikiingia darasani namwona Hornby ana haki. Sentensi iliyookotwa katika gazeti la London ni ya kweli, walakini ukweli wake ni wa London. Yataja waziri tusiyemjua, treni tusiyoipanda, na mzaha ambao kicheko chake kimebaki kule ulikotoka. Sentensi ya kutungwa yaweza kumfuata mtoto mpaka mlangoni kwake, sharti mtungaji awe ameufika mlango huo. Wengi hawakuufika. Kuanzia mwaka 1957, hapa hapa Nairobi, ilijaribiwa njia mpya ya kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, iliyoitwa New Primary Approach. Na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaiunga mkono. Vitabu vikahitajika kwa wingi na kwa haraka. Baada ya uhuru John akaitwa Kamau na Mary akaitwa Atieno, na watu wakaona vitabu vimekuwa vya Kenya. Lakini Kamau aliendelea kuota moto sebuleni akitazama theluji dirishani. Kubadili jina si kubadili sentensi.

Nimesema kwamba ubovu wa sentensi si jambo dogo, na sasa yanipasa kutoa ushahidi, ingawa ushahidi wenyewe hunisuta.

Nilipoanza kazi nilipewa kidato cha kwanza katika shule moja ya upande wa magharibi wa mji. Wanafunzi wangu walitoka Kangemi, Kawangware na Uthiru. Wengine wazazi wao walifanya kazi katika nyumba za Lavington na Loresho. Niliwafundisha herufi zetu nne kama nilivyofundishwa mimi: safu ya maneno ubaoni, kila moja na sentensi yake, na sentensi nyingi zilikuwa ndugu za zile za kijitabu. Tulisoma kwa sauti moja: "bought", "brought", "thought", "fought". Darasa lilivuma kama nyuki, nami nikajiona mwalimu.

Siku ya pili nilimwita mvulana mmoja asome kifungu cha habari. Alikuwa mtoto wa bawabu, na kwao ni Kajiado. Alisoma vizuri mpaka akafika neno "drought", akalitamka kwa o ndefu, kama "brought". Darasa likaangua kicheko. Walicheka wale waliojua, na wasiojua wakacheka kwa sauti kubwa zaidi ili wasitambulikane. Mimi sikucheka kwa kinywa, lakini nilitabasamu, naye aliniona. Akakaa kitako. Muhula ule wote hakunyosha mkono tena.

Mtazame alichokifanya. Tofauti ya "brought" na "drought" ni herufi moja tu, b na d, tena herufi zenyewe zafanana kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Nilimwambia kwamba maneno ya safu ile husomwa kwa sauti moja, akaniamini, akaitumia kanuni niliyompa. Hakukosea yeye. Hata Waingereza wenyewe walipotea kwa njia hiyo hiyo. Neno "delight" halikuwa na gh hapo kale. Lilipewa kwa kufananishwa na "light". Kwikwi huitwa "hiccup", lakini wako walioiendeleza "hiccough", wakidhani ni jamaa ya kikohozi, wala si jamaa yake hata kidogo. Tofauti ni kwamba wao walipokosea kosa lao liliingia kamusini, na mvulana yule alipokosea alichekwa.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Kwao Kajiado jamaa zake walikuwa wamepoteza ng'ombe kwa ukame. Katika chumba kile chenye wanafunzi arobaini na tano, na mwalimu wao aliyeuona ukame kwenye magazeti, hapakuwa na mtu mwenye kuijua maana ya neno lile kuliko yeye. Sisi tulijua sauti. Naye ndiye aliyeketishwa.

Tangu hapo niliacha kuandika sentensi ubaoni. Huwaambia wanafunzi watunge wao, kwa sharti mbili: kwanza, neno likifunikwa kwa kidole mwenzako aweze kulirudisha, pili, sentensi iwe ni jambo ambalo wewe au mtu wa kwenu aliwahi kuwa na sababu ya kulisema. Sharti ya kwanza huwachukua juma zima kuielewa. Ya pili huwachukua mwaka. Wamezoea kudhani kwamba Kiingereza ni lugha ya kusemea mambo yasiyokuwapo.

Mvulana wa Kajiado alinikabidhi sentensi yake katika muhula uliofuata, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema kwamba wakati wa ukame baba yake alimwuza ng'ombe mwenye uso mweupe na hakuwaambia watoto. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na neno lilisimama mahali pake hasa, lifunike, utalirudisha. Ila aliliendeleza "drout". Kumbe baada ya aibu ile alikwenda kuuliza linavyotamkwa, akalishika kwa sikio, akaliandika kama alivyolisikia. Siku hiyo hiyo mwanafunzi mwingine alileta karatasi yenye "drought" iliyoendelezwa barabara, katika sentensi isemayo kwamba ukame wake ulikuwa mpya na wa bei nafuu.

Alama ilikuwa moja kwa kila sentensi. Nilimpa wa kwanza alama yote na wa pili sikumpa kitu. Mwalimu mwenzangu, mtu mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi, aliponitazama nikisahihisha alisema, "Bwana, mtihani hautamwuliza baba yake alimwuza nani. Utamwuliza g na h." Nikamwambia, "Na huyu wa pili, Mzee, mtihani utamfaa nini akishanunua ukame wake?" Alicheka, lakini hakukubali, nami siwezi kusema kwamba amekosea, maana mtihani wa taifa huja kila mwaka na g na h zimo.

Kabla ya kuwalaumu mno Waingereza kwa g na h zao, yafaa tuzijue zilikotoka, kwa sababu habari hiyo inatuhusu. Hapo kale sauti ile ilisikika. Katika Kiingereza cha zamani neno "thought" lilikuwa na sauti ya kooni kama ile wanayoitoa watu wa Mombasa na Lamu wasemapo "kheri". Baada ya Wanormandi kuishinda Uingereza mwaka 1066, waandishi walizoea kidogo kidogo kuiandika kwa gh. William Caxton alisimika mtambo wa chapa Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyopigwa chapa vikaanza kuyagandisha maendelezo wakati vinywa vya watu vingali vikibadilika. Kisha sauti ikafa. Katika maneno mengine ilitoweka kabisa, katika mengine ikageuka f, na kaburi lake likabaki karatasini. Ukiandika "thought" leo, waandika Kiingereza cha watu waliokufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Sisi tulifanya kinyume. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikayasawazisha maendelezo. Kamusi zake zikatoka mwaka 1939. Katika usawazishaji huo "khabari" ikawa "habari", kwa kuwa wengi wa bara hawakuitoa kh. Mwingereza aliacha herufi zikae baada ya sauti kufa. Sisi tuliziondoa herufi, na huko pwani sauti yenyewe ingali hai katika vinywa vya wazee. Mtoto wa Lamu asomaye "habari" katika kitabu cha shule naye huona karatasi haisemi kama nyanya yake. Fadhila tuliyoipata ni kubwa, maana mtoto wetu aweza kulisoma neno lolote la Kiswahili hata kama hajawahi kulisikia. "Plough" tulilichukua kwa sikio tukaliandika "plau", na hapana mtoto aliyechekwa kwa neno hilo.

Walakini usomaji mwepesi una hatari yake. Mtoto aweza kulisoma neno "kaa" bila taabu, na bado asijue kama ni mnyama wa baharini, ni kipande cha makaa, au ni amri ya kuketi. Herufi zote zinatamkwa, na hazisemi kitu. Hapo hatuna msaada ila sentensi, na sentensi za mfano katika vitabu vyetu vya Kiswahili si bora kuliko zile za Kiingereza. Ni mara ngapi tumesoma kwamba Juma ana kaa? Lifunike neno. Juma aweza kuwa na kalamu, homa au deni. Basi nimekihukumu kijitabu cha wenyewe, na nyumbani kwetu kijitabu chake ndugu kimo rafuni.

Kile nilichokinunua bado ninacho. Wanafunzi wangu wamekigeuza kuwa daftari: hubandika karatasi nyembamba juu ya sentensi za zamani na kuandika zao. Sasa ni mwaka wa tatu. Neno "rough" limepata barabara ya ndani ya Kangemi, ambako matatu ikipita abiria hushika viti vya mbele kwa mikono miwili, hali pale Waiyaki Way magari mengine yapita juu angani, kwenye barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. "Trough" limekwenda Uthiru, kwa bibi mwenye ng'ombe wawili wanaogombania hori moja. "Cough" lina sentensi sita, kwa sababu kila mtu ana jirani akohoaye usiku upande wa pili wa bati. "Though" lilikawia sana, maana ni neno dogo lisiloshikika. Mwishowe msichana wa chapati aliandika kwamba shangazi yake humpa mwalimu mmoja chapati kwa mkopo ingawa hajalipa za mwezi uliopita. Sikuuliza ni mwalimu gani.

"Bough" bado halijapata sentensi. Wote wanajua maana yake ni tagaa kubwa la mti, na wote wanaliendeleza sawasawa. Nimewauliza zaidi ya mara moja, nao hunijibu kwamba kwao wakitaka kutaja kitu hicho kwa Kiingereza husema "branch". Ukurasa wake una karatasi nyembamba iliyobandikwa, nyeupe, na chini yake, ukiinua kuelekea dirishani, waweza kusoma bado lile tagaa likipita katikati ya hori.